Dirisha lililopigiliwa misumari

Kibao ni cha paini, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, kimepigiliwa kwenye fremu kwa misumari 2 ya inchi 3. Kimekaa mahali ambapo bawa la dirisha likivutwa ndani linakigonga na kugoma, na uwazi unaobaki unapitisha mkono mpaka begani. Wodi ina madirisha 12, yaani 6 upande wa mawio na 6 upande wa machweo. Yanatazamana juu ya vichwa vya wagonjwa, na kila moja lina kibao chake. Misumari imeota kutu. Kwenye baadhi ya fremu kuna matundu ya misumari ya zamani, alama kwamba kibao kiliwahi kung'olewa kisha kikarudishwa.

Ilikuwa Julai, mkoani Njombe, na anayeijua Njombe ya Julai hahitaji kusimuliwa. Nilikuwa nimekwenda kwa habari za parachichi. Kibarua mmoja niliyezungumza naye shambani alilazwa, nikaenda kumpa pole katika hospitali ya wilaya. Nilimkuta kitandani na koti lake, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, blanketi limepanda mpaka kidevuni, na ukungu wa asubuhi unaingia juu ya kitanda chake kama mtu wa nyumbani. Nilidhani ni dirisha bovu linalosubiri bajeti. Nilipouliza, mgonjwa alicheka, kicheko kikamwamsha kikohozi. Akageuza uso kwenye kiwiko kama alivyofundishwa, kikohozi kikatulia, akasema: "Muulize Sista. Baridi hii kaileta yeye."

Sista ni muuguzi msimamizi wa wodi hiyo ya kifua kikuu na wa kliniki iliyo jirani nayo. Yuko kazini kwa zaidi ya miaka 20. Ameomba nisilitaje jina lake wala la hospitali, kwa kuwa mtumishi wa umma ana utaratibu wa kuzungumza na magazeti, nami nimeliheshimu ombi hilo. Wote wanamwita Sista, hata wazee waliomzidi umri ambao yeye huwaamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuwapa vidonge. Hakukana. Vibao ni vyake, aliviagiza kwa fundi wa hospitali, na alisimama naye mpaka cha mwisho kilipopigiliwa.

"Barakoa ninayo," aliniambia, akaonyesha mfuko wa khaki uliotundikwa msumarini, jina lake limeandikwa kwa kalamu. "Naihifadhi kwenye karatasi, siyo nailoni, maana kwenye nailoni inabaki na unyevu. Lakini mwanangu, ukiniambia nichague kimoja, barakoa au kile kibao, nitakuachia barakoa."

Jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko nilivyotarajia. Tukitaja kumkinga mhudumu wa afya na maambukizi, picha inayotujia ni ile ya suti nyeupe, miwani mikubwa na glovu mbili mbili. Tuliiona wakati wa Uviko-19. Tuliiona Machi 2023 virusi vya Marburg vilipoingia Kagera na kuua watu 6, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Tukaiona tena Rwanda mwishoni mwa 2024, ambako wengi wa wagonjwa 66 wa Marburg walikuwa madaktari na wauguzi wenyewe. Magonjwa hayo huja kwa kishindo, na suti huletwa kwa ndege. Kifua kikuu hakina kishindo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 kiliwapata watu milioni 10.8 na kuua milioni 1.25, na hakuna siku hata moja ya mwaka huo ambayo muuguzi wa wodi kama ya Sista alipumzika kukivuta au kukikwepa.

Namna kinavyosafiri ndiyo inayokipa kibao kazi. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa matone. Makubwa huanguka sakafuni na kuishia hapo. Madogo hukauka hewani na kubaki chembe zenye kipenyo cha mikroni 1 hadi 5, ambazo jicho halizioni, nazo huelea kwa saa kadhaa. Mgonjwa anaweza kuwa ameshatoka chumbani, kitanda kimeshatandikwa upya, muuguzi akaingia kuchukua faili na kuvuta alichoacha mwenzake. Kunawa mikono, ambako kunatusaidia dhidi ya mengi, hapa hakusaidii. Kinachosaidia ni kuiondoa ile hewa na kuleta nyingine.

Mafundi wa hewa huhesabu ni mara ngapi kwa saa moja hewa ya chumba inabadilishwa. Chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa huondoa chembe 99 katika kila 100 kwa dakika 23. Kinachobadilisha mara 2 tu, ambacho ndicho chumba chako na changu madirisha yakifungwa, huhitaji dakika 138 kufanya kazi ile ile, na hapo ni kama hakuna aliyeendelea kukohoa ndani yake. Sista hana mashine ya kupimia hayo. Ana udi.

Alinipeleka kwenye chumba cha kliniki ili nione. Ni vijiti vya udi vya kawaida, vya pakiti, anavyonunua dukani mjini kwa pesa zake. Aliwasha kimoja kwa kiberiti, akakipuliza ubaki moshi, kisha akakisimamisha juu ya kiti cha mgonjwa, usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa. Moshi ulipanda wima kwa sekunde chache, ukasita, halafu ukalala wote kwa pamoja kuelekea dirishani na kutoka. Akahamia kwenye kiti chake. Moshi ukamzunguka bega kutoka nyuma, ukavuka meza, ukapita kwenye kiti cha mgonjwa, ukafuata njia ile ile ya nje. Hakusema kitu mpaka kijiti kilipobaki nusu. Alikuwa anautazama moshi kwa makini ya mtu anayesoma barua.

Kisha akanisimulia jinsi chumba kilivyokuwa kabla ya udi. Meza ilikuwa ukutani, kiti cha mgonjwa karibu na dirisha. Ilionekana ni heshima, mgonjwa akae penye hewa. Alipofundishwa kutumia moshi kwenye semina fulani ya kinga na udhibiti wa maambukizi, akarudi na kuwasha kijiti kwenye kiti hicho, moshi ulimjia moja kwa moja usoni. Upepo wa hapo huingia kwa dirisha hilo kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye meza ile, kila aliyekuja kueleza kikohozi chake alikuwa amekaa upepo unakotoka, na yeye upepo unakokwenda.

"Nilikaa chini," alisema. "Nikawahesabu wenzangu waliowahi kukaa pale kabla yangu."

Kugeuza meza hakukugharimu hata shilingi. Kazi iliyobaki ni kwamba upepo hauna adabu. Mchana ukigeuka, naye hugeuza viti, na kuna miezi ambapo lazima ajaribu udi upya kwa sababu mti ulikatwa nje au kabati limehamishwa ndani. Wauguzi wapya wakiletwa kwake, somo lao la kwanza ni kijiti hicho. Anawaambia watafute upepo kabla ya kutafuta kiti. Makohozi ya vipimo huyachukulia nje kabisa, nyuma ya jengo, penye jua, kwa kuwa mwanga wa jua huua bakteria hao na hewa ya nje huwatawanya. Alinionyesha mahali penyewe: uwazi mdogo, ndoo ya maji yenye koki, na ukuta mfupi wa matofali kwa ajili ya staha ya anayekohoa.

Wanaotaka ushahidi mkubwa kuliko moshi wa udi wanao, na umetokana na simbilisi. Kwa msomaji wa Njombe, Iringa au Mbeya, simbilisi ni yule mnyama mdogo anayefugwa jikoni na watoto na kuishia chunguni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na mwalimu wake William Wells walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa 6 wa kifua kikuu wakaipeleka kwa mabomba hadi kwenye chumba cha simbilisi juu ya jengo. Hao simbilisi hawakuguswa na mgonjwa yeyote, walipumua tu, na mmoja baada ya mwingine wakaambukizwa. Kundi lingine lilivuta hewa ya wodi hiyo hiyo baada ya kupitishwa kwenye taa za miale ya urujuanimno, na hakuna aliyeambukizwa. Mpaka wakati huo madaktari wengi walikuwa hawajakubali kwamba hewa peke yake inatosha.

Jaribio hilo lilirudiwa miaka mingi baadaye Emalahleni, Afrika Kusini, kwa wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu. Siku moja walivaa barakoa za kawaida za upasuaji, siku ya pili hawakuvaa, hivyo hivyo kwa kupokezana. Simbilisi 90 walipumua hewa ya siku za barakoa, na 90 wengine ya siku zisizo na barakoa. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalikuwa haya: bila barakoa waliambukizwa 69, kwa barakoa 36. Nilimsomea Sista takwimu hizo kwenye simu yangu. Alizipenda, akaziandika kwenye daftari lake, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Hao 36 je?

Niseme sasa kuhusu baridi, maana huko ndiko ugumu ulipo, na ni ugumu wa watu wenye haki pande zote mbili.

Mgonjwa wa kifua kikuu huja amekonda. Hana nyama ya kumkinga. Homa humtoa jasho usiku, shuka likalowa, na upepo wa saa tisa za usiku humkuta akiwa na unyevu mgongoni. Ndugu zake wamelelewa, kama sisi sote, wakiambiwa kwamba upepo wa baridi ndio huleta kichomi. Wanapomwona mgonjwa wao wa kifua amelazwa chini ya dirisha lisilofungika, wanachoona ni ukatili. Mama mmoja mzee alimwita Sista pembeni, akamsalimu kwa kamwene ya taratibu, akamuuliza kwa upole mwanawe amemkosea nini. Sista anasema swali hilo lilimuuma kuliko matusi aliyowahi kutupiwa.

Kabla ya vibao, madirisha yalikuwa na mabwana wawili. Mchana alikuwa akiyafungua yeye. Jua likizama, wagonjwa waliyafunga na kuziba nyufa kwa magazeti, mifuko mitupu ya mbolea, hata kanga. Asubuhi moja alikuta jiko la mkaa chini ya kitanda, bado lina moto, na watu wote wamelala. Moshi wa mkaa katika chumba kilichozibwa huua bila kuamsha mtu, na nyanda za juu wanalijua hilo kwa misiba. Siku hiyo ndiyo aliyomwita fundi. Anasisitiza kwamba alikuwa anafikiria mambo mawili kwa pamoja, mkaa na muuguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi huyo, kijana aliyemaliza chuo mwaka huo, alikuwa anakaa humo kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi, peke yake na wagonjwa wote, katika hewa ambayo haikuwa inakwenda popote.

Vibao viling'olewa. Vikarudishwa. Vikang'olewa tena na ndugu wa mgonjwa mwingine. Sista hakumshtaki mtu. Alianza kuwafuata wanaolazwa siku ile ile wanapofika na kuwaeleza mbele ya ndugu zao kwamba mgonjwa anahitaji joto mwilini na hewa baridi puani, na kwamba hayo mawili yanaweza kuishi pamoja iwapo blanketi zipo. Blanketi zenyewe zilikuwa moja kwa kitanda. Akaenda kuomba msikitini, akaenda kuomba kanisani, akaomba kwa wenye mashamba ya chai na parachichi. Leo kuna vitanda vyenye tatu, na vingine vyenye moja na nusu, kwa maana ya blanketi lililokatwa kati ili watu wawili wapate.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko dawa. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi, aliweka kazi ya kwanza kabisa ya muuguzi kuwa ni kuifanya hewa ya ndani iwe safi kama ya nje, bila kumtia mgonjwa baridi. Aliyatamka yote mawili kwa pamoja, na ugumu wote umo katika hilo la pili. Kibong'oto, hospitali yetu ya kifua kikuu iliyoanzishwa 1926 huko Siha, Kilimanjaro, iliwekwa mlimani wakati ambapo hewa ya mlima, mapumziko na chakula ndivyo vilikuwa tiba. Streptomycin ilikuja miaka ya 1940, vidonge vikafuata, na madirisha yakasahaulika taratibu kwa sababu hayakuwa tena dawa. Hakuna aliyekumbuka kwamba yalikuwa pia kinga ya aliyesimama kando ya kitanda.

Jengo la wodi ya Sista ni la wamisionari. Dari liko juu sana, milango miwili inatazamana, madirisha ni ya mbao na yanafunguka kwa bawaba mpaka mwisho. Mita chache kutoka hapo kuna jengo jipya la wagonjwa wa nje, zuri kwa macho, lenye vigae sakafuni, dari la jipsamu lililoshuka chini, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Msomaji ayatazame madirisha hayo popote alipo sasa, ofisini au nyumbani. Kioo kimoja husukumwa nyuma ya kingine, kwa hiyo hata likifunguliwa lote, nusu ya dirisha imefungwa. Tumeyaweka kila mahali kwa sababu yanapendeza na hayaozi.

Watafiti walipima jambo hili Lima, Peru, wakachapisha 2007. Walikwenda katika hospitali 8 na kupima vyumba 70 vinavyotegemea madirisha na milango. Vikifunguliwa, kwa wastani hewa ilibadilika mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya vyumba vya mashine vilivyosanifiwa kutoa 12. Majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifika 40. Yale ya kisasa yalifika 17. Walipokadiria hatari kwa mtu anayekaa saa 24 na wagonjwa wasiotibiwa, ilikuwa asilimia 39 kwenye vyumba vya mashine, 33 kwenye majengo mapya na 11 kwenye majengo ya zamani.

Rwanda walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa 2011, ilichorwa na wasanifu wa MASS Design Group pamoja na Partners In Health kwa kuanzia na hewa. Hakuna korido za ndani, watu husubiri kwenye baraza za nje, na wodini kuna feni kubwa na taa za miale ya kuua vijidudu. Waliokuwa wanaichora walikuwa na mji mdogo wa Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, vichwani mwao. Huko, mwaka 2005 na 2006, madaktari waligundua wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia, wakafa 52, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo wahudumu wa afya. Wengi walikuwa wameambukizana hospitalini hapo hapo. Butaro nako ni milimani, na baridi ni ile ile. Kinachoniuma ni kwamba mchoro wake uko wazi kwa kila mtu kuuona na Rwanda ni jirani yetu, lakini bado tunajenga dari za jipsamu.

Sista aliniambia kwamba haiogopi sana wodi yake. Nilidhani sijasikia vizuri. Aliye wodini ameshajulikana, anameza dawa, na mgonjwa aliyeanza dawa sahihi uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, jambo ambalo simbilisi wa Riley nao walilionyesha. Anayemtisha ni asiyejulikana. Yuko kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katika jengo jipya la vigae, amekuja kwa ajili ya mgongo au presha, anakohoa tangu mwezi wa pili na hakuna aliyemuuliza. Amebanana na mama mwenye kichanga. Atakaa hapo saa tatu. Atapita kwa mpokezi, kwa mpima uzito, kwa daktari, maabara, famasi, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyevaa barakoa, kwa kuwa barakoa zimepelekwa kwenye wodi ya kifua kikuu.

"Wangu nawajua," alisema. "Yule binti wa mapokezi hamjui wa kwake."

Akapendekeza mtu mmoja asimame mlangoni kila asubuhi, aulize kila anayeingia kama anakohoa na tangu lini, na wanaokohoa wapewe barakoa, watolewe kwenye foleni na kutangulizwa kwenye kipimo. Likafanyika kwa muda. Wasiokohoa wakalalamika kwamba wanarukwa. Wengine wakajifunza kukohoa mlangoni. Kisha mhudumu aliyewekwa hapo akahamishiwa wodi ya wazazi, ambako upungufu ulikuwa mkubwa zaidi, na hakuna awezaye kusema uamuzi huo ulikuwa mbaya.

Nilimuuliza ni watumishi wangapi wa hospitali wameugua kifua kikuu tangu aanze kazi hapo. Alitaja majina kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akaacha. Idadi anayo yeye kwa kumbukumbu. Daftari la wagonjwa lina safu ya umri, jinsia na kijiji, na wenzake wamo humo, wametawanyika kati ya wakulima na wanafunzi, bila alama yoyote kwamba walipougua walikuwa wamevaa sare. Mmoja wao, mpima maabara, alipona lakini pafu moja limebaki na kovu, na sasa akipanda ngazi husimama katikati. Alifikiria kudai fidia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo tangu 2008, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi 2015, na orodha ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyohuishwa 2010, inakitaja kifua kikuu. Lakini ugonjwa huu unaweza kulala mwilini miaka kabla ya kuamka. Atathibitishaje kwamba aliuvuta maabara, na siyo kwenye daladala, kilabuni au kwa shemeji yake? Aliacha. Sista anaamini angepaswa kusaidiwa kudai, na anajilaumu kwamba hakumsukuma. Mimi naona lawama inapaswa kwenda kwingine, ingawa sijui mlango hasa wa kubisha.

Kuna jambo jingine alilolieleza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, dirisha limebaki wazi. Njombe ndio mkoa wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati taifa zima ni 4.4. Wahudumu wa afya wametoka katika jamii hiyo hiyo. Mwenye VVU akiambukizwa kifua kikuu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua, na miongozo ya WHO inataka mhudumu wa namna hiyo apewe dawa kinga na apangiwe kazi mahali penye hatari ndogo. Mwongozo ni mzuri. Sasa muuguzi anayetakiwa kuhamishwa wodi kwa sababu hiyo aandike sababu gani kwenye barua? Na akihamishwa bila sababu, wenzake wote si watajua?

Sista alijaribu kuzungusha watu wote kila baada ya miezi kadhaa, ili kuondoka kwenye wodi yake kusiwe na maana yoyote. Siri zikalindwa. Ila kila mzunguko ulimletea watu wasiojua udi, wasiojua benchi, na wengine, bila yeye kujua wala kuruhusiwa kuuliza, huenda ndio wale wale ambao hawakupaswa kukanyaga humo. Akasitisha. Hajui kama alifanya sawa. Nimewauliza wauguzi wengine wawili wa mikoa mingine na wote walinyamaza kwanza kabla ya kusema kwamba kwao hali ni hiyo hiyo.

Tulimalizia kwenye meza yake, yeye akipanga vidonge vya jioni. Kando ya vikasha vya dawa palikuwa na dokezo sabili lililochapwa, kichwa chake kikiwa ni maombi ya blanketi 60 kwa matumizi ya wodi ya kifua kikuu. Ameliombea fedha kwenye fungu la kinga na udhibiti wa maambukizi, lile linalonunua barakoa, glovu na vitakasa mikono. Limerudishwa na uhasibu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mhasibu ameandika kwamba blanketi ni huduma kwa mgonjwa na halimo katika vifaa vya kumkinga mtumishi, hivyo mwombaji afafanue uhusiano.

Sista hakumkasirikia. Anasema ni kijana mwelewa, anafuata kifungu. Alikuwa ameshaanza ufafanuzi kwenye karatasi nyingine, aya nzima kuhusu madirisha, akaifuta, akaandika sentensi moja tu: mgonjwa asipokuwa na blanketi hufunga dirisha. Alikuwa anafikiria kama aambatanishe na ile hesabu ya dakika 138, au amwalike mhasibu mwenyewe aje jioni, wakati upepo umetulia, awashe udi mbele yake.